Walter Rodney: Leki Aliyefungiwa Mageti, Lakini Buku Yake Ikapita

Leo tuweke kando kidogo maneno ya nani ameachana na nani, na nani amenunua gari gani. Nataka nikupee risto ya jamaa mmoja alikufa miaka mob kabla wewe uzaliwe, lakini ukiingia campo yoyote hapa East Africa utapata jina lake bado linazunguka. Anaitwa Walter Rodney.

Pengine umewahi kuskia buku yake, How Europe Underdeveloped Africa. Pengine ulipatiwa kama ya kusoma mwaka wa kwanza ukaskip, hatuhukumiani hapa. Lakini maisha ya huyu jamaa yenyewe ni kama series. Kuna chuo kilimfundisha, kuna chuo kilimpenda, kuna serikali ilimzuia kushuka kwa ndege, na kuna ingine ilimnyima kazi mpaka ikafika mahali pa kumtoa uhai.

Na sikupei hii risto bure. Unajua venye siasa ya campo inakuwanga. Uchaguzi wa wanafunzi ukikaribia, doh inaingia kutoka nje, mashati za bure zinatokea, na makabila yanakaa chini kuhesabiana. Watu wengi hudhani hiyo ndiyo siasa pekee campo inajua. Rodney alipitia campo za aina ingine kabisa. Twende polepole.

Kijana wa fundi cherehani

Rodney alizaliwa tarehe 23 Machi 1942 huko Georgetown, Guyana. Hiyo ni nchi ndogo iko juu kule Amerika ya Kusini, na wakati huo Mwingereza ndiye alikuwa mdosi wa kila kitu. Fathe yake alikuwa fundi cherehani, mathe pia alikuwa anashona nguo nyumbani. Hawakuwa wazito, walikuwa watu wa kawaida wa mtaa.

Lakini fathe alikuwa mtu wa siasa. Alikuwa ndani ya chama cha PPP, kilichoanza 1950 kikitaka Mwingereza afunge virago. Kwa hivyo Walter akiwa bado mtoto alikuwa anatumwa kugawa makaratasi ya chama mlango kwa mlango. Fikiria hiyo. Wewe ukiwa na umri huo ulikuwa unatumwa unga na mafuta ya taa. Yeye alikuwa anatumwa uhuru.

Mwaka wa 1953 chama kikashinda uchaguzi. Baada ya siku 133 Mwingereza akaleta wanajeshi na kuvunja serikali hiyo, eti imeegemea sana mrengo wa kushoto. Mtoto wa miaka 11 akaona wazi kwamba unaweza kupiga kura, ukashinda, na bado ukanyang'anywa.

Kichwani jamaa alikuwa moto. Alipata skolashipu akaingia Queen's College, shule ya wasee wa pesa. Kutoka hapo akapata ingine ya kwenda chuo kikuu cha West Indies, kampasi ya Mona kule Jamaica, na 1963 akamaliza historia na fasti klasi. Halafu akaenda London, akachukua PhD 1966. Alikuwa na miaka 24 tu. Alikuwa anasomea historia ya pwani ya Afrika Magharibi na biashara ya watumwa, na ili asome karatasi za zamani ilibidi ajue Kireno na Kihispania. Akajifunza. Hakutaka kutafsiriwa na mtu historia ya watu wake.

Dar, kilima cha moto

Sasa hapa ndipo risto inakuja karibu na kwetu. Baada ya PhD, Rodney hakukaa London kutafuta kazi ya raha. Alikuja Tanzania kufundisha historia pale Mlimani, Dar es Salaam. Wakati huo chuo hicho kilikuwa sehemu ya University of East Africa, pamoja na Makerere na Nairobi. Kwa hivyo kulikuwa na Wakenya, Waganda, Wamalawi, kila mtu.

Wakati huo moto ulikuwa umewaka. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilitaka kila anayemaliza chuo atumikie miaka miwili, na sehemu kubwa ya mshahara ikatwe. Wanafunzi wakasema zii. Wakaenda mpaka kwa Nyerere wakiwa wamevaa majoho. Mwalimu akaskiza, akakasirika, akawatimua karibu 400 warudi ocha kwao. Halafu akakata na mshahara wake mwenyewe, kuonyesha kwamba habongi tu.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Mabenki yakataifishwa, ujamaa ukawa njia ya nchi. Na mara moja swali likaingia campo: chuo cha nchi ya ujamaa kifundishe nini? Kama sheria unayosoma iliandikwa na mkoloni na historia unayosoma inaanza na mzungu akishuka meli, uko kwa chuo cha nani?

Hilo swali halikubaki kwa mabanda ya kahawa, lilipanda mpaka kwa silabasi. Waalimu na wanafunzi walibishana kama kuwe na somo moja la lazima kwa kila mtu, awe wa sheria au wa sayansi, linalofundisha jamii inavyofanya kazi na nani anafaidika. Wengine wakasema hiyo ni elimu ya kweli. Wengine wakasema hapana, hizo ni propaganda zimevalishwa joho. Ukweli ni kwamba pande zote mbili walikuwa na siasa. Silabasi ya zamani pia ilikuwa na siasa yake, ni vile tu ilikuwa imezoeleka mpaka haionekani.

Mwaka huo wa 1967 wanafunzi wakaunda mbogi yao, University Students' African Revolutionary Front. Mwenyekiti wake alikuwa kijana mmoja wa Uganda anaitwa Yoweri Museveni. Eeh, huyo huyo. Rodney alikuwa leki wao lakini alikaa nao kama mmoja wao. Walikuwa na masomo yao ya pembeni Jumapili, yasiyo na mtihani wala gredi, watu wanasoma kwa sababu wanataka kujua. Dar wakati huo ndiyo ilikuwa base ya wapigania uhuru wa kusini, FRELIMO wakiwa hapo hapo mjini. Museveni na wenzake wakaenda mpaka Msumbiji, sehemu zilizokombolewa, kujionea vita kwa macho.

Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu kilikuwa kitamu. Mwaka wa 1968, wakati Rodney hayuko, kulikuwa na ile siku wanafunzi huvaa nguo zilizoraruka wakipita mjini kuchangisha pesa za maskini. Hiyo mbogi ikaona ni matusi, watoto wa chuo kuigiza umaskini kama mchezo. Wakaizuia kwa nguvu, wakatoa upepo kwa magurudumu ya magari. Wenzao wengi waliona wamevuka mpaka. Jiulize wewe ungekuwa upande gani. Mimi nimejaribu kujibu mara kadhaa na sijamaliza.

Jamaica: ndege ikafika, mlango ukafungwa

Mbona Rodney hakuwepo? Kwa sababu Januari 1968 alirudi Jamaica kufundisha chuo chake cha zamani, Mona. Na hapa alifanya kitu ambacho leki wengi hawawezi. Akitoka klasi, alikuwa anaenda ghetto za Kingston. Anakaa na Marasta, wasee wa mtaa ambao serikali ilikuwa inawaona takataka. Anawabongea historia ya Afrika, lakini pia anawaskiza. Baadaye hayo mazungumzo yalitoka kama kitabu, The Groundings with My Brothers.

Serikali ikaingiwa na baridi. Msomi akibaki na wasomi, wakubwa wanalala vizuri. Akishuka mtaa kuketi na wenye njaa, hapo usingizi unapotea. Oktoba 1968 Rodney akaenda mkutano wa waandishi weusi huko Montreal, Canada. Tarehe 15 akarudi, ndege ikatua Kingston, na serikali ikasema hashuki. Mke wake Patricia alikuwa amebaki huko Jamaica, na mtoto, na alikuwa na mimba. Jamaa akabaki amekaa kwa kiti cha ndege akiangalia nchi ambayo mabeste na familia yake wako.

Kesho yake wanafunzi wakatoka chuo wakiwa na majoho yao mekundu, wakaandamana kuelekea mjini. Makarao wakawarushia vitoza machozi. Lakini tofauti na maandamano ya kawaida ya campo, mtaa uliingia. Vijana wa ghetto wakajiunga, maduka na mabasi yakachomwa, watu wakapoteza maisha. Mpaka leo yanaitwa maandamano ya Rodney. Na mwenye jina hakuwepo hata kurusha jiwe.

Buku iliyoandikwa Mlimani

Mwaka wa 1969 akarudi Dar, na akakaa mpaka 1974. Familia ikakua, na kati ya watoto wake kuna msichana aliitwa Kanini, jina ambalo wewe wa Kiambu au Machakos unalijua bila kuelezwa.

Hiyo miaka ndiyo aliandika How Europe Underdeveloped Africa. Ilitoka 1972, ikichapishwa London na Dar. Hoja yake ukiiweka kwa lugha ya mtaa ni hii: Afrika haikuzaliwa maskini. Ilifukarishwa. Watu wenye nguvu zao walichukuliwa watumwa, mali ghafi ikabebwa, reli zikajengwa kutoka migodini mpaka bandarini badala ya kuunganisha mji na mji, na faida ikajenga Ulaya. Kwa hivyo utajiri wa huko na umaskini wa huku ni risto moja yenye kurasa mbili. Wasomi wengine walimpinga, wakasema amesukuma lawama zote nje na kusahau makosa ya ndani. Lakini ukiisoma mpaka mwisho, hata watawala wa Afrika anawagusa.

Ubishi hakuuogopa. Alienda Makerere akakutana jukwaani na Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, ambaye siasa zao zilikuwa mbali kama Kisumu na Lamu. Wanafunzi walijaa. Wasee wawili wenye PhD, wanachapana kwa hoja mbele ya watu, halafu kila mtu anaenda zake akifikiria. Lini mara ya mwisho campo yako iliona kitu kama hicho?

Sasa skiza hii. Unaweza kudhani nchi ya ujamaa ingewabeba wajamaa mgongoni. Wapi. Desemba 1969 Rodney alitoa hotuba kwa mkutano wa vijana Dar, akiwachana viongozi wa Afrika waliopata uhuru na kukalia viti vya mkoloni. Gazeti la chama likaichapa, halafu siku chache baadaye gazeti hilo hilo likamjibu kwa ukali, na inasemekana mkono wa Nyerere ulikuwa ndani ya hilo jibu. Novemba 1970 serikali ikapiga marufuku mbogi ya wanafunzi pamoja na jarida lao Cheche, ambalo Rodney aliandika humo. Hawakukosea kwa kupinga ujamaa. Waliuamini sana mpaka wakaanza kuuliza serikali maswali.

Julai 1971 ikawa zamu ya Mkenya. Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi, alikuwa ameandika barua ya wazi kumkosoa mkuu wa chuo, Pius Msekwa, ambaye aliletwa hapo kutoka uongozi wa chama. Askari wa kutuliza ghasia wakaingia campo na bunduki, wakambeba, akapandishwa ndege mpaka Nairobi. Wanafunzi wakagoma. Hiyo yote ilitokea kwa campo ambayo dunia nzima ilikuwa inasifu kwa uhuru wa mawazo. Kwa hivyo ukiskia mtu akisema zamani Dar ilikuwa peponi, mwambie ilikuwa moto, na moto hupika na pia huchoma.

Kurudi nyumbani, na geti lingine

Mwaka wa 1974 Rodney akaamua kurudi kwao. Chuo kikuu cha Guyana kilikuwa kimemkubali kama profesa wa historia. Familia ikafunga mizigo. Halafu kazi ikayeyuka. Serikali ya Forbes Burnham iliingiza mkono na bodi ya chuo ikaukataa uteuzi. Hakuna aliyesema hajasoma. Hakuna aliyesema buku zake ni mbovu. Kosa lilikuwa upande anaoegemea.

Hiyo ndiyo njia ya kimyakimya ya siasa kuua campo. Haihitaji bunduki. Inahitaji barua moja ya kukataa kazi, na waalimu wengine wote wanaelewa ujumbe, wanarudi kufundisha vitu visivyomkera mtu. Mwanafunzi haoni chochote, anadhani tu leki wake ni wa kuboesha.

Na usidhani ni ya huko mbali. Hapa kwetu Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa profesa Nairobi, akakamatwa mwisho wa 1977, akawekwa ndani karibu mwaka mzima bila kesi, na alipotoka 1978 hakurudishiwa kazi yake. Baada ya jaribio la mapinduzi Agosti 1982, chuo kikuu cha Nairobi kikafungwa zaidi ya mwaka. Mwenyekiti wa wanafunzi, Titus Adungosi, akafungwa miaka 10. Alifia jela 1988. Hata digrii hakuwa amemaliza.

Rodney angeweza kuhepa. Vyuo vya Marekani na Ulaya vilikuwa vinamtaka, na alikuwa anaenda kufundisha huko kwa muda akitafuta doh ya familia. Lakini kila mara alirudi Georgetown. Alifundisha wachimba madini ya boksiti na wafanyakazi wa mashamba ya miwa, bila bodi ya kumruhusu. Aliendelea pia kuandika, akamaliza historia ya wafanyakazi wa Guyana iliyotoka 1981 wakati yeye tayari hayuko.

Na alifanya kosa kubwa zaidi machoni pa Burnham. Siasa ya Guyana ilikuwa ya rangi: wenye asili ya Afrika chama hiki, wenye asili ya India chama kile, na wakubwa wanakula katikati. Unaifahamu hiyo hesabu, sivyo? Rodney na wenzake wakajenga Working People's Alliance, na watu wa rangi zote wakaanza kukaa mkutano mmoja. Hapo ndipo akawa hatari kabisa.

Julai 1979 jengo la serikali na chama tawala likaungua, na Rodney akakamatwa pamoja na wenzake, akashtakiwa kuchoma. Kesi ikiwa bado inaendelea, Aprili 1980 akatoroka kidogo mpaka Zimbabwe kuona uhuru ukipandishwa bendera. Alikuwa nje tayari. Angebaki. Akarudi.

Tarehe 13 Juni 1980, jioni, alikuwa ameketi ndani ya gari na ndugu yake Donald, karibu na jela ya Georgetown. Walikuwa na redio ya kuongelea waliyopewa na Gregory Smith, sajini wa jeshi. Ndani kulikuwa na bomu. Rodney akafa hapo hapo. Donald akaumia lakini akaishi. Smith alisafirishwa nje ya nchi, akafia French Guiana 2002 bila kusimama kortini. Ilichukua mpaka 2016 ndipo tume ya uchunguzi ikatoa ripoti kwamba serikali ilihusika, na Burnham mwenyewe alijua.

Rodney alikuwa na miaka 38. Maelfu ya watu walimsindikiza, weusi na Wahindi wakitembea barabara moja.

Kwa nini nimekupea hii risto

Mimi campo sikumaliza. Fii ilinishinda, na siku nilitoka na begi langu nilihisi kama elimu imebaki ndani ya geti. Hii buku ya Rodney nilikuja kuisoma baadaye, kwa simu yenye kioo kimepasuka, ndani ya mathree nikienda kutafuta vibarua. Ndiyo nikajua kwamba huyu msee mwenye PhD aliwahi kufungiwa geti pia, na kazi yake ya maana zaidi kwa watu wa kwao aliifanya nje ya chuo.

Kwa hivyo kama bado uko ndani, usiniambie siasa haikuhusu. Mtu aliamua usome nini na usisome nini. Mtu aliamua nani awe leki wako na nani asipewe barua. Kiongozi wako wa wanafunzi alipewa doh na mtu, na huyo mtu atadai. Hayo yote yanatokea ukiwa umekaa viti vya nyuma na earphones.

Na usisahau kwamba hata mbogi inayopigania haki inaweza kugeuka. Yule mwenyekiti wa Mlimani aliingia ikulu ya Kampala 1986 na hajatoka tangu hapo. Rodney hakuishi tuone yeye angekuwa nani akishika nguvu. Tunachojua ni alichofanya bila nguvu: alisoma, aliuliza, alirudi mtaani, na kila walipomfungia chuo, alipata watu wengine wa kufundisha.

Wikendi hii, ukiwa na bando kidogo, itafute hiyo buku. Soma hata ukurasa kumi. Halafu bishana nayo, hata yeye angetaka hivyo.